Mondo na Teleka katika Jiwe Moja

Kosa langu la kwanza lilikuwa kumsimamisha teleka juu ya tawi. Nilimchonga kwa jiwe la sabuni la rangi ya waridi, na vidole vyake peke yake, vilivyolishika tawi kucha kwa kucha, vilinichukua siku tisa. Mzee mwenye duka la vinyago mjini Kisii, ambaye hununua kazi nyingi za banda letu la uchongaji, alipotutembelea alimgeuza ndege huyo mkononi akauliza ni nani. Nikasema ni teleka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kijana, hao wamejaa chini ya paa la jengo langu. Wananinyea kibao cha duka asubuhi na jioni. Miaka yote hiyo sijaona hata mmoja amesimama juu ya kitu."

Kisha akamwona mondo wangu. "Na huyu?"

"Ni mondo. Paka wa porini."

"Huyu ni paka wa jikoni aliyeugua surua."

Wachongaji wakaangua kicheko. Mmoja akasema, "Muulize anakula nini. Atakwambia ugali na omena." Mwingine akaniita moisia, yaani mvulana ambaye hajapitia jando, na nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilicheka pamoja nao ili nisionekane nimeumia. Baadaye nikaenda nyuma ya choo nikawavunja wote wawili kwa nyundo, paka kwanza, halafu ndege.

Mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye banda. Liko ng'ambo ya Suneka, upande wa vilima vya mawe. Mna nafasi za wanaume saba humo, kila mmoja mbele ya gogo la mkaratusi lililokatwa usawa wa magoti. Mwenye gogo huchonga kazi yake mwenyewe na kuitia alama yake chini. Asiye na gogo hukaa nje juani akikata mawe kwa panga, na kuwapa wengine vipande vyenye umbo la kiboko au la bakuli ili wao wamalizie. Nilikuwa nimekata mawe miaka miwili. Gogo moja lilikuwa wazi tangu mchongaji mzee kuliko wote apoteze macho. Nililitazama kila siku.

Mjomba hakucheka siku ile, na hilo liliniumiza zaidi. Aliniita pembeni akasema, "Umechonga wanyama ambao hujawaona. Mzee wa duka atarudi baada ya miezi miwili. Akirudi, niwe nimeona mondo na teleka ambao hakuna mtu humu atawacheka. Ukiweza, gogo ni lako. Ukishindwa, urudi Sironga kwa dada yangu ukachume chai."

Lazima nieleze jinsi nilivyo, la sivyo yanayofuata yataonekana kama ya mtu mwingine. Mimi siwezi kuacha kitu kikiwa na kasoro. Shuleni nilichana kurasa za daftari kwa sababu ya herufi moja iliyoinama. Hakuna aliyenifundisha kuchonga. Nilijifunza kwa kuangalia mikono ya watu kwa mbali na kwa kutazama video kwenye simu, na kwa kuwa hakuna aliyenifundisha, hakuna aliyewahi kuniambia kazi imetosha. Usingizi wangu hukatwa na sikio la paka lililozidi upande mmoja kwa unene wa ukucha. Hiyo ndiyo hulka niliyoingia nayo katika kazi ile.

Nilinunua daftari nikachora mstari katikati ya kurasa. Upande mmoja niliandika mondo, mwingine teleka. Kutokana na simu nilijua kidogo. Mondo ana miguu mirefu kuliko paka yeyote wa ukubwa wake, na masikio makubwa yanayosikia fuko akichimba chini ya udongo. Hakimbizi kitu kwa muda mrefu. Anangoja, anaruka juu na kuangukia windo kwa miguu ya mbele. Huweza hata kumpiga ndege hewani. Teleka ni kinyume chake. Hangojei kitu. Hula akiruka, hunywa akiruka, na miguu yake ni vijiti viwili vya kujining'inizia ukutani tu. Mmoja ni miguu tu, mwingine ni kama hana miguu kabisa.

Hapo nikapata wazo ambalo bado naliona zuri. Ningewachonga katika jiwe moja: mondo angani, mguu mmoja wa nyuma ukigusa ardhi bado, na teleka juu yake, ncha ya bawa ikikutana na ukucha wa paka. Ndege asingehitaji tawi. Angeshikiliwa na paka anayetaka kumuua, kwa kipande cha jiwe kisichozidi unene wa kalamu. Lakini kwa kazi kama hiyo picha za simu hazikutosha. Nilitaka kuwagusa.

Teleka alipatikana kwa urahisi. Mlinzi wa jengo la yule mzee aliniruhusu nipande hadi chini ya paa, ambapo viota vyao vya manyoya na mate vimegandamana kama vipele. Nilitia mkono katika kimoja nikatoka na ndege mweusi mwenye kiuno cheupe. Nilimtia ndani ya katoni ya sabuni nikarudi naye bandani. Nilipomweka chini, alilala kifudifudi mabawa yamefunguka, akajisukuma kwa mabawa hayo kwenye vumbi la mawe bila kwenda popote. Nilifurahi. Nasema ukweli: nilifurahi sana, kwa sababu nilikuwa nikiona kwa macho yangu jinsi nilivyokosea.

Hakutulia, na kila alipotikisika mstari wa bawa ulibadilika. Basi nikachukua ubao na uzi wa kushonea, nikamfunga mabawa yakiwa wazi, uzi mmoja kwenye kila kiungo. Nilipima kwa rula. Niliandika kwamba bawa lililonyooshwa linafanana na mundu, na kwamba vidole vyote vinne vinatazama mbele.

"Momura," mmoja wa wachongaji aliniambia, akitumia sasa neno la kijana aliyepita jando, "leo unamsulubisha nani?"

"Angalau huyu hajasimama juu ya tawi," mwingine akajibu, wakacheka tena. Safari hii walicheka kwa namna nyingine, na nilihisi kama nimepanda ngazi moja.

Nilimpa nzi, hakufungua mdomo. Siku ya pili alasiri alikufa. Sikumfungua, maana maiti haitikisiki, na siku ya tatu ndiyo niliyopata vipimo bora zaidi. Siku ya nne mke wa mjomba alisimama kando yangu. Yeye ndiye huosha na kusugua kazi za banda zima. Kwetu mwanamume huchonga na mwanamke husugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, na vidole vyake vimekunjamana siku zote kama vya mtu aliyetoka kuoga.

"Umemaliza naye?" aliniuliza.

"Bado kidogo, mama."

"Ananuka." Akamkatia nyuzi kwa wembe, akamfunga kwenye jani la mgomba akaenda kumtupa. Nilimkasirikia kwa sababu ya mdomo, ambao nilikuwa sijaupima.

Wiki tatu zilipita bila mondo. Kisha Ijumaa moja saa sita mchana mama yangu alinipigia simu kutoka Sironga. Jirani yetu, mzee ambaye kuku wake walikuwa wakiisha mmoja mmoja, alikuwa ametega waya kwenye tundu la ua, kati ya shamba lake la chai na bonde la mto. Waya ulikuwa umemnasa mnyama kwa mguu wa nyuma. "Kama paka," mama akasema, "lakini masikio yake! Njoo uone, wewe uliyekuwa unamtafuta. Mzee ameenda kituo cha kuuzia majani chai. Akirudi jioni atammaliza."

Nilifika jua likiwa limekaribia vilima. Mondo alikuwa amelala kando ya ua, amejikunja kuzunguka waya. Alikuwa jike. Aliponiona alinyanyuka, na masikio yake yakalala nyuma, na akanitemea sauti iliyotoka tumboni. Madoa yake hayakuwa madoa kama nilivyoyachonga. Shingoni yalikuwa michirizi, kwenye mbavu yakakatika vipande. Nilitoa daftari.

Mama alisimama nyuma yangu. "Mguu umevimba. Tuwapigie watu wa wanyamapori. Wana dawa ya kuwalaza."

Simu ya mama haikuwa na chaji. Yangu ilikuwa nayo. Niliitoa, nikaitazama, nikasema, "Hakuna mtandao hapa."

Mtandao ulikuwepo. Nilijua kwamba wakija watamchukua.

Kisha mzee akarudi na panga. Ni mtu mpole, mzee wa kanisa la Sabato, na alimsogelea mondo polepole kama mtu anayekwenda kufunga lango. Ningemwacha, ningempata mnyama aliyekufa. Lakini teleka aliyekufa alikuwa amenifundisha umbo tu. Nilichokosa kwa mondo kilikuwa mruko, na maiti hairuki. Nilitazama magharibi. Ukingo wa jua ulikuwa umeshagusa kilima.

"Tata," nikamwambia kwa heshima zote, kama anayemwita baba yake, "jua linazama."

Akasimama. Sabato ilikuwa inaingia, na toka saa hiyo hadi kesho yake jioni yeye hachinji, hakati hata kuni. Alitazama jua, akalitazama panga, akamtazama mnyama.

"Ni kweli," akasema.

"Kumwondolea mnyama mateso si kazi," mama akasema. "Hata Bwana Yesu alisema juu ya ng'ombe aliyetumbukia kisimani."

"Alisema kumtoa, mama," nilimjibu haraka. "Hakusema kumkata." Mimi ambaye nilikuwa sijaingia kanisani miezi minne nilimnukulia mama yangu Maandiko. Mzee alisitasita. Alikuwa mtu wa kuogopa kukosea, na mimi najua jinsi ya kumshika mtu wa namna hiyo, kwa kuwa mimi pia ni wa namna hiyo. Alirudisha panga ndani.

Basi nikapata siku nzima.

Asubuhi ya Jumamosi kijiji kilivaa nguo nyeupe kikaenda ibadani. Nilisikia nyimbo zao zikishuka bondeni kwa saa tatu. Mimi niliketi kwenye majani ya chai na daftari. Mwanzoni mondo alilala tu. Nilichora kichwa, nikachora masikio kwa pande nne, nikahesabu michirizi ya mkia mfupi. Nilichora tumbo lake alipojilaza ubavu. Chuchu zilikuwa zimevimba na manyoya yaliyozizunguka yamelowa na kulala, nami niliandika hivyo hivyo katika daftari: chuchu zimevimba, manyoya yamelala kwa duara. Niliandika kama nilivyoandika rangi ya macho.

Lakini hakuruka. Kufikia saa nne nilikuwa na mondo aliyelala, na jiwe langu lilihitaji mondo aliye hewani. Nilikata kijiti cha mkaratusi nikakichonga ncha. Nilimchoma begani.

Aliruka. Alipanda wima kama kitu kilichovutwa kutoka juu, mgongo ukiwa upinde, miguu ya mbele imetangulia, na kwa nusu ya pumzi alikuwa kile hasa nilichokuwa nikikitafuta. Kisha waya ulikaza, akapigwa chini kwa ubavu. Nilichora nilichokiona. Hakikutosha, mguu wa nyuma sikuuona vizuri. Nikamchoma tena.

Nilihesabu, kwa kuwa huwa nahesabu kila kitu. Mara kumi na moja. Kila mruko ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia, na ule wa tatu ndio uliokuwa bora, na hapo ningeacha kama ningekuwa mtu wa kuacha. Kwenye wa tisa waya ulikuwa umefika mfupani. Wa kumi na moja haukuwa mruko. Aliinua kichwa tu.

Sikujua mama alikuwa amerudi kutoka ibadani. Alikuwa amesimama juu ya tuta na Biblia mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu mara ya ngapi.

"Wewe ndiwe niliyekuzaa mimi?" aliuliza. Hakupaza sauti. Aliuliza kama mtu anayetaka jibu.

Nikamwambia, "Mama, ni kwa ajili ya gogo." Akaondoka.

Jioni, jua lilipozama tu, mzee alikuja na panga akiwa bado na suruali ya kanisani. Alimtazama mnyama, akaona damu begani, akaona kijiti. Alinigeukia.

"Mimi ndiye niliyeliwa kuku," alisema. "Kuku tisa. Na mimi nilitaka afe tu. Wewe alikukosea nini?"

Nilisogea kando kumpisha. Alimpiga mara moja, nyuma ya shingo, na kazi ikaisha. Nilipima urefu wa ukucha kabla mwili haujapoa.

Nilichonga siku ishirini na sita. Sijawahi kuchonga hivyo, na sidhani nitaweza tena. Jiwe lilikuwa jeupe lenye mshipa wa waridi, na nililigeuza ili mshipa upite kwenye ubavu wa paka na kuishia chini ya bawa la ndege. Mondo alipanda akiwa amejipinda, mkia umelazwa na upepo. Teleka alikuwa mundu mwembamba kiasi kwamba ukimwinua kwenye mwanga ulipita. Miguu yake ilifichwa kwenye manyoya ya tumbo, mahali pake. Walipokutana, bawa na ukucha, niliacha daraja la jiwe lenye unene wa njiti tatu za kiberiti, na sikupumua nilipolikata. Wachongaji waliacha kunitania. Walianza kupita nyuma yangu kimya, mmoja mmoja, wakijifanya wanakwenda kunywa maji.

Siku moja kabla ya mzee wa duka kurudi, nilimpa mke wa mjomba asugue. Hakuna mwingine ambaye ningemwamini na lile daraja. Aliwashika chini ya maji kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, akaanza kwa msasa mkali, kisha laini. Banda zima lilikuwa linatazama, na mjomba alikuwa ameacha kisu. Mkewe alisugua mgongo. Alisugua miguu. Akampindua, akapitisha kidole gumba tumboni mwa paka, akasita. Akapitisha tena.

"Huyu alikuwa ananyonyesha," alisema.

Alininyooshea kidole kilicholowa.

"Si jiwe ninaloliuliza. Nakuuliza wewe. Huyu uliyemwona alikuwa ananyonyesha?"

Nilikuwa nimechonga chuchu zote. Nilikuwa nimezizungushia manyoya yaliyolala kwa duara, kwa ncha ya sindano, kwa sababu ndivyo yalivyokuwa, na kwa majuma yote yale sikuwa nimejiuliza kwa nini yalikuwa hivyo. Naandika haya kwa aibu ambayo sijui niiweke wapi: macho yangu yaliona kila kitu. Hayakukosa hata unywele.

"Ndiyo, mama," nikajibu.

"Na watoto wake?"

"Sijui."

Alimaliza kusugua. Hakuacha kazi nusu. Alimfuta kwa kitambaa, akampaka nta, akamweka juu ya gogo lililokuwa wazi, akaondoka na beseni lake.

Mjomba alikuja akainama. Alizunguka kazi ile mara mbili, akaiangalia kwa chini na kwa juu. Alikuwa na macho mekundu ya vumbi.

"Jiwe halina kosa," alisema. Kisha, bila kunitazama: "Keti."

Nikaketi. Wale wanaume sita waliinamia kazi zao na visu vikaanza tena kukwaruza. Hakuna aliyenipongeza na hakuna aliyenitania.

Jioni nilimpigia mama. Nilimuuliza kama kuna mtu aliyeona watoto wa mondo upande wa bonde.

"Leo ndiyo unauliza?" akasema. "Mbwa wa mzee waliwatoa chini ya majani chai siku tatu baada ya wewe kuondoka. Walikuwa wawili. Mmoja alikuwa ameshakufa kwa njaa."

"Na wa pili?"

"Nimekwambia ni mbwa."

Kisha akaniuliza kama nimekula, kwa kuwa ni mama yangu, nikasema nimekula.

Mzee wa duka alikuja, akavaa miwani yake, akaikagua kazi pande zote. Aliichukua kazi ile mwenyewe, mapajani, hadi mjini. Sijui iko nyumbani kwa nani sasa.

Huo ulikuwa mwaka jana. Gogo bado ni langu. Mke wa mjomba hajasugua tena kazi yangu yoyote. Nazisugua mwenyewe, vibaya. Mnyama nisiyeweza kumtazama akiwa huru simchongi, na sehemu ya mwili wake ambayo sikuiona naiacha jiwe tupu, bila alama, hata watu wakicheka.